Kiraka

Mwaka wa kwanza lilikuwa tonge tu,
dogo, laini, likichungulia kinenani nikikohoa,
likirudi ndani nikilala chali.
Nilidhani tumeelewana.

Mwaka wa nne likawa mpangaji asiyelipa kodi.
Siwema, mke wangu, akalitaja kwa jina lake, ngiri,
na mjukuu wetu Tunu, aliyesikia kupitia ukuta,
akatangazia watoto wa Ngomeni nzima
kwamba babu amefuga ngiri ndani ya suruali.
Wakaja kuomba kumwona.
Nilicheka huku nimejishika kwa mkono.
Hata kicheko kilimsukuma nje.

Kambini tulikuwa tukisema: kila mkata mkonge na mshipa wake.
Majani thelathini kwa tita,
tita begani, bega mpaka relini,
kisha nyumba ya brashi, vumbi na kikohozi,
miaka arobaini.
Na ukikatwa, walisema, umekwisha.
Basi nikajifunga kamba ya katani niliyosokota mwenyewe,
ikanichubua kiuno, nikaivumilia
kama mtu anavyovumilia ndugu.

Siku niliyoshindwa kuinama nifunge viatu
Siwema hakupandisha sauti.
"Ama Bombo," alisema, "ama mimi kwa kaka yangu, Pangani."

Daktari Shekiondo ni mdogo kuliko kitindamimba wangu.
"Mzee Ntahondi, zamani tulivuta nyama huku na huku
tukashona kama mdomo wa gunia.
Inavutana. Inauma. Mara nyingine inaachia.
Siku hizi tunatandika wavu,
na nyama yako mwenyewe itaota ipenye matundu,
hata isijulikane wavu unaishia wapi, wewe unaanzia wapi."

Nikaomba niushike.
Akanipa kipande cha kuonyeshea, upana wa kiganja,
cheupe, chepesi, kama kona ya chandarua.
Vidole vyangu vimepima nyuzi kabla yeye hajazaliwa.
Havikuhitaji kuambiwa, lakini niliuliza.
"Polipropilini," akasema. "Aina ya plastiki."

Jina hilo nalijua.
Meneja alilitamka asubuhi ile alipotukusanya penye mizani,
kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi:
wanunuzi wanataka kamba za polipropilini,
ni rahisi, haziozi.
Haziozi! Kana kwamba kuoza ni utovu wa adabu.
Mwezi ule ule korona ikanyamaza.
Sijui kama umewahi kusikia ukimya wa korona.
Mbwa walibweka siku tatu.

"Na katani," nikamuuliza daktari, "katani haiwezi?"
Hakunicheka.
Aligeuza kile kipande, akafikiri, kisha:
"Ingeoza, mzee. Ingeoza ndani yako."

Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikahama.
Nyuma ya pazia la kijani
nilisikia mkasi, nilisikia nesi Mwantumu akihesabu vitambaa,
nilisikia uzi ukipita, nao uzi nauelewa,
huyu binti hakazi kupita kiasi, nikasema moyoni,
angefaa nyumba ya brashi.
"Kohoa," akaniambia.
Nikakohoa kwa woga wa miaka minane.
Hakuna kilichotoka.

Sasa ni mwezi wa tano.
Kukiwa na baridi ya alfajiri panavuta kidogo,
kama mtoto anayekumbusha ahadi.
Mimi bado sijaisamehe ile kamba ya buluu
inayouzwa kwa mita pale Ngamiani;
naipita bila salamu.
Lakini nyama yangu haikuniomba ushauri.
Inamwotea adui, tundu kwa tundu,
inamfanya mwenyeji.

Kamba ya katani tumemfungia mbuzi.
Jana ameitafuna nusu,
na Tunu, akishika kilichobaki,
akaniuliza ngiri amekwenda wapi.
"Yupo," nikamwambia. "Amelala."
"Hatatoka?"
Nikainama, nikafunga viatu vyangu,
kimoja, halafu cha pili,
taratibu, ili aone.